Eka ya Mraba: Historia ya Vipeuo, Kutoka Babeli Hadi Masieda

Katika kata ya Masieda, wilayani Mbulu, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania, mtu auzapo shamba au alikodishapo kwa msimu mmoja wa mahindi, eka hupimwa kwa miguu: mpimaji huenda hatua 70 kwa upande mmoja, hugeuka, huenda nyingine 70, na pembe nne zikisha kuwekewa mawe au vigingi, muuzaji na mnunuzi hupeana mikono mbele ya mashahidi. Sabini kwa sabini ni hisabu ijulikanayo na kila mkulima, na aghalabu hakuna aulizaye ilitoka wapi. Lakini ndani ya 70 hiyo kimefichwa kipeuo cha pili cha 4,840, nacho ni kimoja katika jamii ya namba ambazo wanazuoni wa mataifa mengi, tangu zama za Babeli, walihangaika nazo kwa karne nyingi kabla hawajajua namna ya kuzichukua bila kuzivunja. Nakusudia kusimulia jinsi binadamu walivyojifunza kuvipunguza vipeuo hivyo, kuvijumlisha na kuvigawanya. Na katika masimulizi yote nitashika dai moja, kwamba kurahisisha kipeuo ni adabu ya kuyachelewesha makadirio hata mwisho wa kazi, ili ukweli usichanganyike na kisio kabla ya wakati wake.

Kisa chenyewe huanzia katika udongo. Baina ya mito Furati na Hidekeli, kati ya mwaka 1800 na 1600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliishi mtu ambaye jina lake halikuhifadhiwa ila kazi yake ilihifadhiwa, maana aliiandika juu ya kibao cha udongo kinachoenea kiganjani. Na kibao hicho leo kimo katika hazina ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kikijulikana kwa alama YBC 7289. Juu yake umechorwa mraba pamoja na mistari yake miwili ya ulalo. Upande mmoja umeandikiwa 30, na juu ya ulalo zimeandikwa namba mbili kwa hisabu ya sitini-sitini, ambazo zikigeuzwa kuwa desimali zetu, ya kwanza huwa 1.414213, na ya pili 42.4264, yaani 30 mara ile ya kwanza. Kipeuo cha pili cha 2, kwa hisabu ya leo, huanza kwa 1.4142136, basi hitilafu ya Mbabeli huyo haikufikia hata sehemu moja ya milioni, na mjenzi yeyote angeridhika nayo maisha yake yote. Hata hivyo ustadi ule ulikuwa ustadi wa kukisia: kibao chatoa namba iliyo karibu mno na kweli, kisha chanyamaza, wala hakiulizi kama ipo namba iliyo kweli yenyewe.

Swali hilo liliulizwa na Wayunani. Wafuasi wa Pythagoras walithibitisha kwamba hakuna sehemu, kiasi chake na asili yake viwe vikubwa namna gani, inayoweza kulingana sawasawa na ulalo wa mraba ambao upande wake ni 1. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Theaetetus, amtaja mwalimu Theodorus wa Cyrene, mji wa kaskazini mwa Afrika, aliyewaonyesha wanafunzi wake jambo lile lile kwa 3, kwa 5, na kuendelea hata 17, akakoma hapo. Naye Euclid, karibu na mwaka 300 kabla ya Isa, alikitoa kitabu kizima, cha kumi katika vitabu vyake 13, kwa ajili ya kuzipanga aina za urefu wa namna hii. Lakini Wayunani waliviona vipeuo kuwa ni mistari ya kuchorwa, hawakuviona kuwa ni namba za kujumlishwa na kugawanywa, na mtu asiyekubali kukiita kitu namba hana njia ya kukirahisisha.

Waliothubutu kuvitendea vipeuo kama namba walikuwa Wahindi. Mwaka 628 Brahmagupta aliandika kitabu cha elimu ya nyota ambacho ndani yake mna kanuni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya vipeuo. Na miongoni mwa kanuni hizo imo ile ambayo hata leo humtaabisha mwanafunzi wa kidato cha pili, kwamba ukitaka kugawanya kwa jumla ya vipeuo viwili, uzidishe juu na chini kwa vipeuo vile vile baada ya kugeuza alama ya kimoja, na hapo chini patasalia namba iliyo wazi, isiyo na kipeuo. Brahmagupta huyo huyo alikishika kipeuo cha pili cha 10 kuwa ndio uwiano baina ya mzingo wa duara na kipenyo chake, asipate sawasawa, kwa kuwa kipeuo hicho ni 3.162 na uwiano wenyewe ni 3.1416, ila msomaji na akiweke moyoni kipeuo hicho cha 10, maana atakutana nacho tena mashambani Mbulu. Baada ya zaidi ya miaka 500, mwaka 1150, Bhaskara alionyesha jinsi rundo la vipeuo linavyoweza kufunguliwa: kwamba kipeuo cha pili cha jumla ya 10, √24, √40 na √60, kitu kinachotisha kukitazama tu, ni sawa kabisa na √2 + √3 + √5. Hapo urahisishaji ulikwisha kuwa fani, na mwenye fani alijua kwamba umbo refu na umbo fupi vyaweza kuwa na thamani moja.

Baina ya Wahindi hao wawili ndipo ulipong'ara mji wa Baghdad. Katika ukhalifa wa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mmoja wa wanazuoni wa Nyumba ya Hekima, alitunga kitabu cha al-jabr na al-muqabala, na katika dibaji yake aliyataja mahitaji ya watu aliyokusudia kuyatimizia: mirathi, wasia, ugawaji, mashtaka na biashara, kadhalika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Nusu nzima ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na urithi, elimu ile ile ambayo baadaye makadhi wa Lamu, Mombasa na Unguja waliitumia kugawia mashamba na mitepe. Na kabla ya kufika huko, mwandishi aliweka mlango mfupi juu ya kuzidisha na kugawanya vipeuo. Alifundisha kwamba mwenye kutaka maradufu ya kipeuo cha 9 na azidishe 9 kwa 4, ndipo achukue kipeuo cha 36. Na kwamba kipeuo cha 9 kikizidishwa kwa kipeuo cha 4, ni kipeuo cha hiyo hiyo 36. Maneno hayo machache ndiyo mlango wa kila kitu kinachofuata, kwa kuwa yakisomwa kinyumenyume yasema kwamba mraba kamili ulioingia chini ya alama ya kipeuo waweza kutolewa nje: 36 ni 4 mara 9, basi 4 hutoka ikiwa 2. Vivyo hivyo 50 ni 25 mara 2, basi 25 hutoka ikiwa 5, nasi twapata 5√2.

Alikuja nyuma yake mtu wa Misri, Abu Kamil, aliyezaliwa karibu na mwaka 850 na kufariki karibu na 930, ambaye watu walimwita Mhasibu wa Misri. Naye hakuviogopa vipeuo popote alipovikuta, hata akaviruhusu kusimama ndani ya milinganyo yake kama namba nyingine zozote. Kwake ndiko kwatokea kanuni ambayo ingefaa ibandikwe ukutani mwa kila darasa: ukitaka kujumlisha vipeuo viwili, jumlisha kwanza namba zilizo chini yake, kisha ongeza maradufu ya kipeuo cha zao lao, ndipo uchukue kipeuo cha jumla yote. Tuchukue kipeuo cha 8 na kipeuo cha 18. Mwanafunzi mwenye haraka ataziunganisha 8 na 18, apate 26, aandike kwamba jibu ni kipeuo cha 26, nacho ni 5.1 hivi. Abu Kamil atamrudisha: 8 na 18 ni 26, kweli, lakini zao la 8 na 18 ni 144, kipeuo chake ni 12, na maradufu yake ni 24, 26 na 24 ni 50, basi jibu ni kipeuo cha 50, ambacho ni 7.07. Ukiifuata njia ya pili, ile ya kutoa miraba nje, utafika pale pale kwa hatua chache: kipeuo cha 8 ni 2√2, kipeuo cha 18 ni 3√2, na 2 na 3 za kitu kimoja ni 5 za kitu hicho, yaani 5√2. Ile 24 aliyoisahau mwenye haraka ndiyo tofauti baina ya 5.1 na 7.07, na katika uwanja wa kujengea tofauti hiyo ni ukuta usiokutana na mwenzake.

Na majengo hayakuwa mbali nasi. Juu ya genge la bahari katika Kilwa Kisiwani ziko mpaka leo kuta za Husuni Kubwa, kasri iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyezuriwa na Ibn Battuta mwaka 1331. Na ndani ya kasri hiyo mna birika la kuogea lenye pembe nane, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe. Umbo la pembe nane zilizo sawa haliwezi kupatikana pasipo kipeuo cha 2 kuingia kazini, awe fundi anajua au hajui. Fundi mwenye kamba huchora kwanza mraba, hukunja kamba yake iwe nusu ya ulalo, kisha kutoka kila pembe huiweka kamba hiyo juu ya pande mbili zinazokutana hapo na kutia alama. Alama nane zikiunganishwa, pembe nane zimepatikana, wala hakuna namba hata moja iliyotajwa.

Mwenye kalamu naye huifanya kazi hiyo kwa njia nyingine, na hapo ndipo ionekanapo faida ya kanuni ya Brahmagupta. Upana wa umbo la pembe nane ni upande wake mmoja mara 1 + √2. Basi mtu akiwa na uwanja wenye upana wa dhiraa 10 na akataka kuujua upande, hana budi kugawanya 10 kwa 1 + √2, yaani kwa 2.41421 na desimali zake zisizokoma, kazi inayochosha mkono na kukaribisha makosa. Akizidisha juu na chini kwa √2 − 1, chini patakuwa na 2 kutoa 1, ambayo ni 1 tu, na mgawanyo wote utatoweka: upande ni 10 mara √2 − 1, na kwa kuwa √2 ni 1.4142, jibu ni dhiraa 4.142, limepatikana kwa kutoa na kusogeza nukta. Watu wa sasa wenye mashine mfukoni huuliza kwa nini walimu hawataki kipeuo kikae katika asili ya sehemu. Jawabu ni kwamba desturi hiyo ilitungwa na watu waliogawanya kwa mikono yao, nao walijua kugawanya kwa 2 ni dakika moja na kugawanya kwa 1.4142 ni robo ya asubuhi.

Katika vitabu vya al-Khwarizmi na Abu Kamil vipeuo viliandikwa kwa maneno. Katika Maghribi na Andalusia wanahisabu walianza kuweka herufi jimu, ya kwanza katika neno jidhri, juu ya namba inayotafutiwa kipeuo, na desturi hiyo yaonekana dhahiri katika vitabu vya al-Qalasadi, aliyefariki mwaka 1486. Kitabu cha al-Khwarizmi kilikuwa kimekwisha kufasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, na Gerard wa Cremona ni mmoja wa wafasiri wake. Kisha mwaka 1525 Mjerumani Christoff Rudolff akaipiga chapa kwa mara ya kwanza alama ile yenye mkia, √, katika kitabu chake cha aljebra. Na mwaka 1637 Mfaransa René Descartes akaiongezea paa la mstari linalofunika namba zote zilizo chini yake. Tangu hapo urahisishaji wa vipeuo uliweza kutendwa kwa macho, mstari chini ya mstari, kama unavyotendwa ubaoni leo.

Sasa na turejee kwenye eka. Asili yake ni Uingereza ya kale, ambako ilikuwa eneo liwezalo kulimwa kwa siku moja na jozi za ng'ombe wenye plau. Na kwa sababu kumgeuza ng'ombe mwenye plau ni kazi nzito, kama ajuavyo kila mkulima wa Mbulu aliyewahi kushika mikono ya plau, eneo hilo halikuwa mraba, bali lilikuwa utepe mrefu mwembamba, yadi 220 kwa yadi 22. Mwaka 1620, au karibu na hapo, Edmund Gunter, mwalimu wa elimu ya nyota katika Chuo cha Gresham mjini London, alitengeneza mnyororo wa kupimia ardhi wenye pingili 100 na urefu wa yadi 22 kamili, ambazo ni futi 66, ili utepe ule uwe mnyororo mmoja kwa minyororo 10. Eka, kwa hiyo, ni miraba 10 ya mnyororo. Na mraba wa mnyororo ni 22 mara 22, yaani yadi za mraba 484. Mara 10 ni 4,840. Umbo lake likiwa utepe, eka haina kipeuo chochote ndani yake. Kipeuo kilizaliwa siku mtu wa kwanza alipotaka eka iwe mraba, akalazimika kuuliza ni namba gani ikizidishwa kwa nafsi yake itatoa 4,840.

Vipimo hivyo vilifika Mbulu kwa njia ya kupinda. Wajerumani, ambao kwao mita na hekta zilikuwa sheria tangu mwaka 1872, ndio waliotangulia kuitawala nchi hii ya nyanda za juu, mahali ambapo Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatooga wenye lugha ya Kiniloti, Wahadzabe wenye lugha isiyo na ndugu, na majirani zao wa Kibantu hukutana katika mnada mmoja; baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaja Waingereza pamoja na yadi na eka zao, na katika miaka ipatayo 40 ya utawala wao eka ikazama katika mazungumzo ya watu hata haikutoka tena. Uhuru ulipopatikana serikali ilirudi kwenye mita, na hati za ardhi zikaandikwa kwa hekta. Lakini mkulima aliendelea kusema eka, na hata mashamba makubwa ya ngano yaliyofunguliwa Hanang kwa msaada wa Kanada, upande wa Basotu, yaliyochukua malisho ya Wabarabaig kwa makumi ya maelfu ya eka, yalihesabiwa hivyo midomoni mwa watu. Mwenye mita na mwenye yadi wakawa wakikaa kijiji kimoja.

Elimu ya shuleni nayo ilikuwa na safari yake. Mwaka 1962 walimu wa hisabati kutoka nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe, Uganda, pamoja na wenzao wa Marekani na Uingereza, wakaanza kuandika vitabu vilivyojulikana kama Hisabati ya Entebbe. Mwaka 1966 kikaundwa Chama cha Hisabati Tanzania, kifupi CHAHITA. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia madarasa yote ya shule ya msingi. Na mwaka 1973 likaanzishwa Baraza la Mitihani. Mtoto wa Mbulu, ambaye nyumbani huongea Kiiraqw au Kidatooga, alijifunza kwa Kiswahili namba tasa, shufwa na witiri, mraba na kipeuo cha pili. Kisha, shule za sekondari za kata zilipoenea baada ya mwaka 2004, akavikuta vitu vile vile kidato cha pili vikiwa na majina ya Kiingereza, katika mada ya vipeo na vipeuo. Wengi huanguka hapo, na somo la Hisabati limekuwa likiangusha watahiniwa wengi kuliko masomo mengine. Wala anguko hilo si la akili, maana mtoto yule yule aliyeandika kwamba kipeuo cha 8 na kipeuo cha 18 ni kipeuo cha 26 anajua vema kwamba debe mbili na debe tatu za mahindi ni debe tano. Hakuonyeshwa tu kwamba √2 ni debe.

Mwalimu wa shule yoyote iliyo karibu na shamba anaweza kulitimiza somo hilo kwa eka peke yake. Na aandike ubaoni 4,840 na kuivunja kwa namba tasa: 2 yagawanya, yabaki 2,420, 2 tena, 1,210, 2 tena, 605, 5 yagawanya, yabaki 121, 11, na 11. Basi 4,840 ni 2 × 2 × 2 × 5 × 11 × 11. Chini ya alama ya kipeuo, kila namba iliyo na pacha wake hutoka nje na mwenzake kwa namba moja: 2 mbili zatoka zikiwa 2, na 11 mbili zatoka zikiwa 11, 2 mara 11 ni 22. Zilizokosa pacha, 2 moja na 5 moja, zabaki ndani, na zao lake ni 10. Upande wa eka ya mraba ni 22√10 za yadi, na mnyororo wa Gunter wasimama hapo wazi mbele ya watoto, yadi 22, ukizidishwa kwa kile kipeuo cha Brahmagupta. Hapo, na si kabla ya hapo, ndipo mwalimu afungue kitabu cha majedwali, asome kwamba kipeuo cha 10 ni 3.162, azidishe kwa 22, apate yadi 69.56. Wazee waliosema 70 hawakuwa mbali.

Hawakuwa mbali, lakini umbali huo mdogo una bei, nayo inahesabika. Hatua ndefu ya mtu mzima hukaribia yadi moja. Tukiichukua kuwa yadi kamili, 70 kwa 70 ni 4,900, ambayo yazidi eka kwa yadi za mraba 60. Katika shamba la eka moja ziada hiyo ni kijisehemu cha kitalu cha mboga. Ila mtu akipima eka 81 moja moja kwa kanuni hiyo, ametoa yadi za mraba 4,860 za ziada, ambazo ni eka nzima na kidogo juu yake. Makadirio yaliyofanywa mapema huzidishwa pamoja na kazi yote inayofuata, na ndiyo sababu wanahisabu hukiacha kipeuo kikae kipeuo: anayeshika 22√10 na kuizidisha kwa nafsi yake hupata 484 mara 10, ambayo ni 4,840 isiyo na upungufu wala ziada, na anayeshika 69.56 hupata 4,838.6, akiwa amepoteza yadi ya mraba moja na zaidi bila ya kuiuza kwa mtu.

Kosa kubwa zaidi huja pale watu wa hatua wanapokutana na watu wa mita. Siku hizi mpimaji aweza kuja na utepe wa mita, na kwa kuwa masikio yamezoea 70 kwa 70, hupima mita 70 kwa mita 70, akaita eneo hilo eka. Mita za mraba 4,900 si eka moja: eka ni mita za mraba 4,047 hivi, na upande wa mraba wake ni mita 63.6 hivi. Ziada ni mita za mraba 853, zaidi ya moja ya tano, hata kila eka tano zinazouzwa hivyo hubeba eka ya sita isiyolipiwa. Mauzo ya namna hii hufanyika mbele ya mashahidi waaminifu, kisha mipaka hugongana watoto wanaporithi, na kesi huishia kwa wazee au katika mabaraza ya ardhi, ambako Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hutajwa mara nyingi na 63.6 haitajwi kabisa. Sheria yaweza kusema nani ana haki ya shamba; ukubwa wa shamba husemwa na hisabu.

Wala haimlazimu mkulima kuchukua kitabu cha majedwali shambani. Zile namba tasa zilizovunjwa ubaoni, 2 tatu, 5 moja na 11 mbili, zaweza kupangwa kwa njia nyingine kuliko ile ya kutafuta mraba: 2 tatu zikizidishwa pamoja na 11 moja ni 88, na 5 mara 11 iliyobaki ni 55, na 88 mara 55 ni 4,840 kamili. Basi anayetaka eka iliyo sawasawa, isiyo na kipeuo cha kukisia, na auache mraba, apime yadi 88 kwa yadi 55, akumbuke kuhakikisha pembe zake ni za kweli kwa kulinganisha mistari miwili ya ulalo. Na akiwa na utepe wa mita, apime mita 80.5 kwa mita 50.3, atapata eka kwa hitilafu isiyofika mita tatu za mraba. Kipimo hicho hakihitaji mashine; kimo ndani ya 4,840 yenyewe, na kila mtoto wa kidato cha pili aliyefundishwa kukivunja kipeuo chake kwa utaratibu anao uwezo wa kukitoa na kumpa baba yake kabla ya msimu wa kupanda.